Kisanamu Kimepakwa, Ila Hakipendezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jumamosi mchana huwa tunakaa barazani kwangu, mtaa wa Sakina, Arusha, watu watano au sita, kila mmoja na kopo lake la vikorokoro. Wengi walianza kwa njia ileile: ndugu katoka nje na boksi la mchezo wa mezani, ndani yake visanamu vya wapiganaji, mifupa inayotembea na joka moja, vyote plastiki ya kijivu. Wakanunua rangi, wakapaka, wakaudhika. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayokuja nayo. Mengine nimeulizwa na watu wa Moshi, ambao wana shida zao za hali ya hewa, nitazifikia.

Nimemaliza kupaka, lakini zimwi langu linaonekana kama mdoli wa mnadani. Kosa liko wapi?

Usishike brashi kwanza. Lisogeze zimwi karibu na dirisha, lipige picha kwa simu, kisha ikuze ile picha. Jicho lako limeshazoea kazi yako na linaisamehe; simu haisamehi.

Karibu kila kisanamu kinachofika barazani kina shida moja kati ya mbili, au zote mbili: rangi ni nene, au rangi ni bapa.

Unene kwanza. Visanamu vingi vya michezo hii ni vya milimita 28 au 32, kipimo ambacho kwa kawaida huchukuliwa toka nyayoni hadi machoni. Maana yake mtu amepunguzwa mara 60 hivi. Ukimpaka rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ni kama umemkandika mtu mzima udongo wa milimita 6 mwili mzima. Pua inapotea, vidole vinaungana, deraya ya pete inakuwa gunia.

Ubapa ni kule kupaka joho jekundu, buti kahawia, upanga fedha, ukaona umemaliza. Mtu halisi akisimama juani anapata vivuli vikubwa kwapani, chini ya kidevu, kwenye mikunjo ya nguo. Kisanamu ni kidogo mno. Taa ya chumbani inakimulika chote kwa mara moja na vivuli vyake havionekani. Kivuli na mwanga inabidi uvipake wewe mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yote, na mengi yaliyobaki kwenye ukurasa huu ni namna ya kuifanya.

Watu hukimbilia macho. Yaache macho, tutayafikia.

Nifute yote nianze upya, au nipake juu yake?

Kama bado unaona pete za deraya, nyuzi za nywele na mpaka kati ya mkanda na nguo, paka juu. Rangi bapa si kosa la kufuta. Ni msingi ambao haujaendelezwa. Ila kama maumbo yamejaa rangi, hakuna ufundi utakaoyafukua. Futa.

Njia ninayoitumia ni Dettol ile ya kahawia ya dukani kwa Mangi, bila kuongeza tone la maji. Kisanamu cha madini au cha plastiki ngumu kiloweke kwenye kopo la glasi lenye mfuniko usiku kucha, vaa glavu, kisugue kwa mswaki wa zamani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakimbilia bombani. Rangi iliyolainishwa na Dettol ikikutana na maji inageuka ulimbo, inanata kila mahali na haitoki. Suuza kwa Dettol nyingine safi mpaka rangi yote iondoke, ndipo uje na maji na sabuni. Na fanyia nje, maana harufu yake itakaa sebuleni mpaka wageni waulize nani kaumia.

Spiriti ya kusafishia vidonda nayo hutoa rangi za akriliki (zile zinazopunguzwa kwa maji), na haina huo ulimbo. Kwa visanamu vya resini jaribu kwanza chini ya kitako, kile kibao kinachosimamia, kwa muda mfupi, kwa sababu resini nyingine hulainika.

Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usiisogeze karibu na plastiki. Inayeyusha. Kijana mmoja alituletea joka lake likiwa na bawa moja na nusu.

Nitajuaje kisanamu changu ni cha nini?

Madini ni mazito na ya baridi ukiyashika. Plastiki ngumu ni nyepesi na mara nyingi ulikikata mwenyewe toka kwenye fremu. Ile laini inayopinda na kurudi ni ya visanamu vinavyokuja vimeshaungwa. Resini ni ngumu lakini hukatika kama chaki ukiibana.

Kama umerithi visanamu vya madini vya miaka ya 1970 au 1980, vingi vya wakati huo vilikuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Nawa mikono, usivipige msasa ukiwa mkavu, na usichonge ncha ya brashi kwa ulimi. Kwa kweli usiilambe brashi hata kwa visanamu vipya.

Lazima ninunue rangi maalumu za kuagiza?

Hapana, ingawa ni nzuri. Rangi kama za Vallejo kutoka Hispania au Citadel kutoka Uingereza zina chembe zilizosagwa sana, kwa hiyo zinafunika hata zikiwa nyepesi. Ukipata mtu anayesafiri, mtume nyeusi, nyeupe, kahawia, nyekundu, bluu, njano na fedha. Saba zinatosha mwaka mzima. Kijani utachanganya.

Akriliki za wachoraji za kwenye tyubu, zinazouzwa maduka ya vifaa vya shule na sanaa, zinafaa. Chembe zake ni kubwa kidogo na baadhi hung'aa zikikauka, basi utapaka mikono (tabaka) mitatu badala ya miwili na kumalizia kwa vanishi isiyong'aa.

Mara nyingi naulizwa juu ya rangi za mafuta za makopo, kwa hoja kwamba wachoraji wa Tingatinga wanazitumia na kazi zao zinang'ara. Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mtindo ukabaki na jina lake. Lakini hadibodi ni bapa. Rangi ile ni nzito na inang'aa kwa makusudi, na mchoraji anataka hivyo. Juu ya uso wa sentimita nusu inaziba kila kitu, na inachukua muda mrefu kukauka huku vumbi la barabarani likiiangukia. Iache kwenye hadibodi.

"Punguza rangi kwa maji mpaka iwe kama maziwa." Maziwa gani?

Swali zuri kuliko linavyosikika. Maziwa mabichi, yale ya asubuhi. Wengi wetu tunapaka maziwa mgando.

Chukua tone la rangi, ongeza maji kidogo kwa brashi, paka ukucha wa dole gumba. Ikifunika ukucha wote ikaacha michirizi ya brashi, ni nene. Ikikimbilia pembeni kwenye nyama, ni nyepesi mno. Inayotakiwa inakaa ilipowekwa na unaona ukucha kwa mbali chini yake. Mkono wa kwanza utakukatisha tamaa kwa sababu utaonekana na mabaka. Uache ukauke kabisa, paka wa pili. Asiyeweza kungoja dakika 10 ndiye anayerudi kwenye mgando.

Futa brashi kwenye tishu kila unapoichovya, kabla haijagusa kisanamu. Tabia hii moja imeboresha kazi za watu hapa barazani kuliko rangi zozote za kuagiza.

Mimi niko Moshi. Rangi inakauka kwenye brashi kabla sijafika kwenye uso.

Januari na Februari kwenu pole sana. Tengeneza paleti ya unyevu: kopo bapa la chakula lenye mfuniko, sponji nyembamba au tishu za jikoni zilizolowa chini, juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa juu ya karatasi, unyevu unapanda kidogo kidogo toka chini. Funika ukimaliza, kesho yake utaikuta bado mbichi. Badilisha maji kila baada ya siku chache, la sivyo utaotesha ukungu.

Feni izime au igeuze. Wengi wanailaumu rangi kumbe ni feni.

Andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, ni lazima? Na nipulize lini?

Ni lazima. Akriliki haishiki vizuri kwenye plastiki au madini matupu. Utaikwangua kwa kucha. Kabla ya andakoti osha kisanamu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana kiwandani hupakwa mafuta ya kukitoa kwenye kalibu na mafuta hayo hubaki.

Andakoti ya spreyi ya dukani kwa vifaa vya magari inaweza kutumika, ila nyingine zina tina (kiyeyusho cha rangi) kali inayokula plastiki. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ulichotupa. Tikisa kopo dakika mbili nzima, simama sentimita 20 hadi 30, pitisha kwa mwendo, usisimame sehemu moja.

Hali ya hewa ndiyo mwalimu mkali. Masika, Machi hadi Mei, Arusha ina unyevu unaofanya andakoti na vanishi viwe na ukungu mweupe. Subiri siku kavu, asubuhi saa nne hivi, umande ukishaondoka na upepo haujaanza. Julai subiri zaidi: kopo likiwa la baridi linatema matone, basi liweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu (si ya moto, na kamwe si kwenye jiko) kabla ya kupuliza. Joto kali nalo lina yake. Niliwahi kupuliza zimwi Majengo, Moshi, saa tisa alasiri ya Januari, nikasimama mbali kwa kuogopa kumwaga. Rangi ilikauka hewani, ikatua kama vumbi. Zimwi lilitoka likiwa msasa, na bado liko kwenye rafu yangu likinitazama.

Nyeusi, nyeupe au kijivu? Kwa anayeboresha kazi: andakoti nyeusi pande zote, kisha nyeupe au kijivu toka juu tu. Sababu yake iko kwenye jibu linalofuata.

Nitajuaje kivuli kinakaa wapi na mwanga wapi?

Bahati yetu tunaishi karibu na ikweta. Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita na nusu mchana hapa liko utosini kabisa. Toka nje umtazame mtu aliyevaa kofia pale Kilombero sokoni: mabega, pua na sehemu ya juu ya mashavu vinawaka, macho, shingo na tumbo chini ya kifua vimo gizani. Ramani ndiyo hiyo. Ile spreyi nyeupe ya kutoka juu inakuchorea ramani hiyo kwenye kisanamu kabla hujaanza. Piga picha hapo, uihifadhi kwenye simu, uitazame kila ukipotea.

Halafu kazi inakwenda hivi. Paka rangi ya kawaida ya kila sehemu, mikono miwili myepesi. Ikishakauka, mimina kivuli: rangi ya giza iliyopunguzwa mpaka iwe kama chai ya rangi, nayo itakimbilia yenyewe kwenye mabonde. Tone dogo sana la sabuni ya vyombo litaisaidia kutiririka. Usikiogeshe kisanamu kizima. Weka palipo na mikunjo, na ikituama kama dimbwi inyonye kwa brashi safi yenye unyevu. Dimbwi likikauka linaacha duara kama la kikombe cha chai mezani.

Kivuli kikikauka kila kitu kitaonekana kichafu, na hapa ndipo watu wanapoacha. Hujamaliza, uko katikati! Rudisha rangi ya kwanza kwenye sehemu zilizoinuka, ukiyaacha mabonde. Kisha ichanganye na nyepesi kidogo, paka eneo dogo zaidi, juu zaidi. Kisha nyepesi zaidi, eneo dogo zaidi. Mwisho, kingo: ukingo wa ngao, ncha za vidole, pindo la joho. Usizichore kwa ncha ya brashi. Ilaze brashi ubavu na uiburute juu ya ukingo, itagusa inapopaswa kugusa.

Ukiona umezidisha tofauti kati ya giza na mwanga, kiweke kisanamu mezani, simama hatua mbili nyuma. Mara nyingi utakuta bado haitoshi.

Kwa kivuli naongeza nyeusi, kwa mwanga nyeupe, sivyo?

Ndivyo zimwi linavyopata rangi ya majivu. Nyekundu ukiitia nyeupe inakuwa waridi. Itie chungwa au njano kidogo. Kivuli chake kitie kahawia au zambarau. Kijani cha zimwi kipandishe kwa njano, kishushe kwa bluu ya giza. Nyeusi safi na nyeupe safi zifiche kabatini mpaka dakika za mwisho.

Ngozi ya mtu mweusi naipakaje? Miongozo yote ninayoona inaanza na waridi.

Nimelipenda swali hili tangu lilipoulizwa mara ya kwanza, kwa sababu mwalimu wako unaye mkononi. Sogeza mkono wako dirishani. Pale kwenye vifundo vya vidole ngozi haigeuki nyeupe, na kivuli kati ya vidole si cheusi.

Anza na kahawia ya giza yenye nyekundu kidogo ndani yake. Kivuli: kahawia hiyo na bluu ya giza. Mwanga wa kwanza: ongeza chungwa lililofifia au njano ya udongo, kwenye paji la uso, mashavu, mgongo wa pua, mabega. Ngozi nyeusi inaakisi mwanga kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo mwanga wa mwisho uwe mdogo na mkali: nukta ya kijivu yenye ubluu kidogo kwenye kilele cha paji la uso na pua, kama mbingu inayojionyesha hapo. Viganja na midomo ya chini ni vyepesi zaidi. Ukitia nyeupe tu utapata mtu aliyepakwa majivu, na kila anayekuja barazani atakuambia bila kuulizwa.

Naweza kumvalisha shujaa wangu shuka ya Kimaasai?

Unaweza, na inapendeza kuliko joho jekundu tupu. Maliza kwanza nyekundu yote, na vivuli na mianga yake. Mistari inakuja mwisho, kwa bluu ya giza iliyopunguzwa vizuri, brashi yenye ncha. Usiichore kama kwenye daftari la hesabu. Tazama shuka iliyovaliwa: mstari unapanda na kushuka na mkunjo, unapotea bondeni, unatokea upande wa pili ukiwa umesogea. Mistari ikinyooka nguo inageuka karatasi. Ukikosea, iguse tena kwa nyekundu. Rangi ni nyepesi, haitajaza.

Upanga na shoka vinaonekana kama karatasi ya chokoleti.

Fedha tupu hufanya hivyo. Anza na nyeusi, paka fedha juu yake, mwagia kivuli cheusi kilichopunguzwa, kisha rudisha fedha kwenye makali tu. Kwa kutu, tazama panga lolote la shambani. Kutu inaanzia karibu na mpini na kwenye mikwaruzo, haikai kwenye makali yanayonolewa kila siku. Donoa kahawia kwa kipande cha sponji, kisha chungwa kidogo katikati ya hiyo kahawia.

Brashi kavu ni nini, na mbona yangu inaacha unga?

Chovya brashi ya zamani, ifute kwenye tishu mpaka udhani imeisha, kisha ipitishe haraka juu ya maumbo. Ni nzuri kwa nywele, manyoya, mawe, magamba ya joka. Kwa ngozi laini na joho inaacha unga, siku zote, hata kwa mafundi. Tumia tabaka nyepesi huko.

Nitumie brashi ndogo kiasi gani?

Kubwa kuliko unavyofikiri. Namba 1 au 2 yenye ncha kali inabeba rangi ya kutosha na inafanya karibu kila kitu. Zile nyembamba mno za kuchorea kucha, toka maduka ya vifaa vya saluni, zinafaa kwa mistari mirefu, ila rangi hukauka ndani yake haraka. Usizamishe brashi hadi kwenye kile chuma. Rangi ikikauka pale ncha inagawanyika pande mbili, na hiyo ni safari ya kwenda kununua nyingine.

Sasa macho?

Sasa ndiyo. Viwiko vyote mezani, mikono imegusana. Jaza shimo la jicho kahawia ya giza. Weka mstari mdogo wa rangi ya maziwa ulalo, ukiacha kahawia ionekane kuzunguka. Kisha mstari wa wima wa giza, toka nyusi kupita katikati ya jicho hadi shavuni, usiogope. Futa sehemu ya juu na ya chini kwa kupaka rangi ya ngozi. Kinachobaki katikati ni mboni, na haikukulazimu kulenga nukta.

Nyeupe tupu humfanya shujaa aonekane kaona mzimu. Na kama kofia ya chuma imefunika uso, acha giza.

Kitako nikipambe na nini?

Mchanga mweusi wa volkano wa chini ya Mlima Meru, au udongo mwekundu wa njia ya Rau kule Moshi. Uchekeche, ukaushe vizuri juani, uugandishe kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha upake rangi hata kama tayari una rangi yake, maana mchanga halisi ambao haujapakwa huonekana mgeni chini ya zimwi lililopakwa.

Vanishi imekifanya kuwa cheupe kama kimepigwa na baridi ya kileleni. Nimekiua?

Mara nyingi hapana. Ulipuliza siku yenye unyevu. Ngoja siku kavu, pitisha vanishi inayong'aa, mkono mwepesi. Ukungu mara nyingi hutoweka. Ikikauka, rudi na isiyong'aa kwa mkono mwingine mwepesi. Mwezi wa Aprili mimi nimeacha spreyi kabisa, napaka vanishi ya maji kwa brashi.

Nakisafirishaje kwa basi mpaka Dar bila kukwaruza?

Gandisha sumaku ndogo chini ya kitako na kipande cha bati ndani ya kopo la biskuti, visimame vyenyewe bila kugusana. Kopo libaki nawe mapajani. Usimpe kondakta aliweke kwenye buti, hata akikuahidi nini.